Ajira za Vijana, Siasa, na Mibuni Yetu

Hotuba ya Katibu wa Umoja, iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi, Kanoni, Karagwe



Bodi ilitutaka tuseme habari za miaka kumi ya Umoja wetu. Lakini hesabu za miaka hiyo zimechapwa katika kurasa za Mweka Hazina, na picha za maghala na mizani zimo humu humu katika kitabu, na kila mwenye kutaka atazitazama kwa nafasi yake. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuyaache yaliyokwisha andikwa, tuseme juu ya mambo mawili ambayo wanachama huyasema kila siku, penye mizani, penye gulio, na hata penye misiba: kwamba watoto wetu waliosoma hawapati kazi, na kwamba siasa za nchi zimeingia mpaka katika foleni ya kahawa. Mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Kijana asiye na kazi ndiye mtaji wa kila mtu mwenye kipaza sauti, awe wa upande huu au wa upande ule.

Tena tuseme mapema, ili asiyependa kusikia apate kutoka nje kidogo akanywe uji: maoni yetu ni ya kihafidhina. Neno hilo siku hizi hutumiwa kama tusi. Sisi twaliona kuwa ni neno la mkulima. Mtu anayechuma kahawa katika mibuni iliyopandwa na babu yake hawezi kuwa mtu wa kung'oa kila kitu kila msimu.

Tuanze na ajira. Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Waliofika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walizidi 10,000, wakaketi katika viti vya watazamaji wa mpira kungoja kuulizwa maswali. Wakati ule nchi nzima ilishangaa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, nao walioomba wakawa 135,027. Gawanyeni wenyewe. Kwa nafasi zile za 2014 walikuwa watu zaidi ya 140 kwa kiti kimoja, na kwa zile za 2025 ni watu zaidi ya 84 kwa kiti kimoja. Basi asije mtu hapa akasema kwamba taabu hii ilianza jana, au kwamba imeletwa na Rais fulani au chama fulani peke yake. Imekuwa ikijengeka kidogo kidogo, huku sisi wazazi tukiendelea kupima kahawa na kulipa ada.

Sababu zake zajulikana. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwatafuta watumishi hewa, na mwezi wa Aprili 2017 ikatangazwa kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Kusafisha nyumba ni jambo jema, na wengi wetu tulilifurahia. Lakini muda ule ule vyuo havikuacha kutoa wahitimu. Hali kadhalika, tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne imekuwa bila ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Hata hilo twalishukuru kwa moyo, maana wako hapa akina mama ambao wasingeweza kusomesha hata mtoto mmoja. Ila mlango wa kuingilia shuleni ulipanuliwa, na mlango wa kutokea kwenda kazini ukabaki ule ule. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waliohitimu tangu 2015 bila kuajiriwa waliunda umoja wao ili kudai kazi. Mwalimu, jamani! Katika siku za wazee wetu mwalimu ndiye aliyeombwa aje, akajengewa nyumba na kuletewa ndizi mlangoni.

Lakini hapa kwetu Karagwe na Kyerwa iko sababu nyingine, nayo ni ya nyumbani. Kwa miaka mingi baba wa Kanoni alimwambia mwanawe: soma kwa bidii usije ukashika jembe kama mimi. Kahawa ikalipa ada, ikanunua sare na godoro la bweni, ikalipa nauli ya basi la Mwanza. Yaani mibuni ndiyo iliyogharimia watoto kufundishwa kuidharau mibuni. Sisi tulio na umri wa miaka thelathini na kitu, tulio zao la shule za kata zilizoenezwa tangu mwaka 2004, tuliyasikia maneno hayo nyumbani na darasani vile vile, na adhabu ya mtoto mtundu shuleni ilikuwa nini? Kupelekwa shamba la shule kulima. Mtoto aliyelima kama adhabu kwa miaka kumi na mmoja atawezaje kuliona jembe kuwa ni cheo?

Basi kijana huyo akamaliza, akakaa mjini mwaka mmoja au miwili katika chumba cha ndugu, akapeleka barua huku na huku, na mwisho akarudi na pikipiki ya mkataba. Watu wakasema ni mvivu. La hasha, si mvivu. Anayeendesha pikipiki kutoka alfajiri hadi saa nne ya usiku katika vumbi la Karagwe, ili apate hesabu ya tajiri kabla ya kupata ya kwake, si mvivu. Twawaomba wazee waliache neno hilo. Vijana hawa wana nguvu na wana akili. Hawana mahali pa kusimama.

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa sisi wa ofisini. Kila msimu Umoja hupokea barua za wazazi wakiomba watoto wao waajiriwa kuwa makarani. Twazisoma zote, na karibu zote twazijibu kwa kukataa, na tumenuniwa sana kwa ajili hiyo. Yafaa mjue sababu. Zamani chama cha msingi kilihitaji karani wa mizani, karani wa stakabadhi na karani wa daftari kubwa. Siku hizi mizani ya kidijitali hutoa risiti yenyewe, na taarifa za chama huingizwa katika mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU, hata kazi iliyokuwa ya watu watatu yafanywa na mmoja mwenye simu nzuri. Tena mshahara wa karani wa ushirika hautoki Hazina. Watoka katika kilo yako wewe mama uliyeanika kahawa ya maganda juu ya turubai na kuikimbiza ndani kila wingu lilipotanda. Tukiajiri vijana ishirini ili wazazi ishirini wafurahi, wazazi wengine wote watalipa, na hakuna atakayewauliza kama wamekubali. Umoja ulianzishwa uuze kahawa. Siku utakapogeuka kuwa mahali pa kupangia watoto wetu vyeo, utakufa, na vijana wale ishirini watakuwa wa kwanza kurudi barabarani.

Baada ya hayo tuseme habari ya siasa, na hapa twaomba mtusikilize kwa utulivu.

Tarehe 29 Oktoba 2025 nchi yetu ilifanya uchaguzi mkuu. Siku ile na siku zilizofuata ghasia zilitokea katika miji kadhaa, watu walikufa, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwezi wa Novemba Rais aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman, ichunguze yaliyotokea. Si kazi ya Katibu wa umoja wa wakulima wa kahawa kuzihukumu siku zile, wala hatutajaribu. Ila twajua kwamba wengi wenu mna watoto katika miji ile, na kwamba katika siku zile wapo mliopiga simu usiku kucha bila kujibiwa. Uchungu huo haukuuliza kadi ya chama.

Tangu wakati huo tumeona jambo ambalo hatukulizoea. Penye mizani watu wameanza kuulizana vyama. Mtu akija amevaa fulana ya rangi hii, wa rangi ile husogea kando. Nayo ofisi yetu imepata maombi ya namna mbili. Wako waliotaka Umoja utoe tamko la pongezi, upandishe bendera, na kuwapa viongozi wa chama nafasi ya kusema katika mkutano wetu mkuu. Wako na waliotaka Umoja utoe tamko la kulaani, na wakulima waambiwe wasilete kahawa mpaka madai fulani yatimizwe. Yote mawili Bodi imeyakataa, na twamshukuru Mwenyekiti kwa kusimama imara alipotembelewa nyumbani na pande zote mbili.

Wengine wanasema kukataa huko ni woga. Acheni tueleze kwa habari za mkoa huu wenyewe.

Kahawa na siasa zimekutana zamani hapa Kagera. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Bukoba, wakiongozwa na watu kama Klemens Kiiza, walianza kuunda chama chao cha kuuza kahawa bila kupitia mikononi mwa wafanyabiashara. Mwaka 1937 palikuwa na machafuko huko Bukoba juu ya amri za Serikali ya Waingereza kuhusu ulimaji wa kahawa. Na mwaka ule ule wa 1937, mbali sana huko Paris, mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Ushirika uliandika kanuni zilizotokana na wale wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844, na mojawapo ilikuwa kwamba ushirika usifungamane na upande wowote wa siasa wala wa dini. Wale wafumaji hawakuwa watu wasio na siasa. Kila mmoja alikuwa na yake, tena kali. Lakini walijua kwamba duka la unga likiwa la upande mmoja, upande wa pili utanunua unga kwingine, na duka litafungwa.

Mwaka 1950 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi zake BNCU. Huko Mwanza nao wenye pamba walikuwa na shirikisho lao, na kiongozi wao Paul Bomani akaja kuwa Waziri. Wazee wa ushirika waliubeba Uhuru mabegani. Hilo ni kweli, na mtu asiwanyang'anye heshima hiyo. Lakini tazameni yaliyofuata. Mara baada ya Uhuru vyama vya ushirika vikaongezwa haraka kuliko watu wa kuviendesha, na mwaka 1966 Tume ya Rais iliyochunguza ushirika ikaona, pamoja na upungufu wa watumishi wenye ujuzi na udhaifu wa hesabu, jinsi wanasiasa walivyoingilia kazi za vyama. Na mwaka 1976 Serikali ile ile ambayo ushirika uliisaidia kuzaliwa ikavivunja vyama vikuu vyote, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Maghala, malori, na akiba za wakulima vilihama mikono kwa tamko. Vyama vikuu vilikubaliwa tena kwa Sheria ya mwaka 1982, na Chama Kikuu cha Karagwe, KDCU, ambacho Umoja wetu ni mtoto mbele yake, kilikuja kusimama kwa miguu yake mwaka 1990. Wazee walioshuhudia mambo hayo wako hapa, wameketi mstari wa mbele. Waulizeni kama ile bendera iliyopandishwa juu ya ghala iliwasaidia siku ghala lilipochukuliwa.

Hiyo ndiyo sababu yetu. Anayefungamana na wenye nguvu huvunjwa nao watakapobadili nia, na anayefungamana na wapinzani wao huvunjwa mapema zaidi.

Tazameni na majirani. Ng'ambo ya mto Kagera, tarehe 6 Novemba 2024, wabunge wa Uganda walipigana ngumi bungeni kwa ajili ya kahawa, wakati wa kupitisha sheria ya kuivunja mamlaka yao ya kahawa, UCDA, na kuiingiza katika Wizara ya Kilimo. Sheria ilipita. Mkulima wa Isingiro (ile ya Uganda, si Isingiro yetu ya Kyerwa) hakuongezewa mbuni hata mmoja na ngumi zile. Huko Kenya, tarehe 25 Juni 2024, vijana waliingia katika majengo ya Bunge kwa kuukataa Muswada wa Fedha, na kesho yake Rais wao akatangaza kuuondoa. Hatukatai kwamba walisikilizwa. Lakini walioomboleza waliomboleza, na hatujasikia kwamba wenye vyeti walipata kazi kwa sababu muswada uliondolewa.

Lipo neno jingine la kisiasa ambalo hutuudhi zaidi ya hayo, nalo ni neno la bei. Bei ilipopanda, kila mwanasiasa aliyepita hapa alisema ni yeye. Wanachama wenzetu, bei ya robusta hupangwa katika soko la London. Mwaka 2019 tani moja huko ilikuwa chini ya dola 1,700. Mwezi wa Septemba 2024 ikapita dola 5,000. Kati ya miaka hiyo miwili palitokea nini? Ukame uliipata Vietnam, nchi inayoongoza kwa kulima robusta duniani, na mavuno ya Brazil nayo yakatia mashaka. Hapana mbunge wa Kagera aliyezuia mvua ya Vietnam. Na katikati ya mwaka 2025 bei ile ikarudi chini ya dola 4,000, na wale waliojisifu wakati wa kupanda hatukuwaona tena wakija kuomba radhi. Wazee wakumbuka mwaka 1989, nchi zilipoacha kugawana mafungu ya kuuza kahawa duniani na bei ikaanguka. Wanakumbuka pia mwaka 2001, robusta iliposhuka hata ikawa chini ya senti 25 za dola kwa ratili, na wapo waliong'oa mibuni wakapanda maharage. Waliovumilia ndio wanaochuma leo.

Serikali nayo imebadili njia mara nyingi. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi walifunguliwa mlango. Mwaka 2018 ikaagizwa kahawa yote ipitie vyama vya ushirika. Kisha ikaja minada ya kidijitali, na wanunuzi wakashindana humo. Kila njia ilikuwa na uzuri wake na kero zake, na kero ya malipo kuchelewa mwaijua bila kuambiwa. Umoja hutii sheria iliyopo, na lisilofaa hulisema kwa barua na kwa wajumbe, kwa maneno ya heshima, mpaka lisikilizwe. Njia hiyo ni ya polepole. Twakubali.

Na mwanachama mwenyewe? Apige kura, agombee, aseme, achukue kadi ampendayo. Hiyo ni haki yake kama raia, na Umoja hauna mamlaka juu yake. Akifika penye mizani avue fulana ya chama au aivae, kwetu ni mamoja. Kilo yake ni gramu elfu moja kama ya mwenzake. Lakini mikutano ya Umoja, magari ya Umoja na fedha za Umoja havitatumika kwa siasa za upande wowote maadamu Bodi hii ipo.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tumekataa mengi. Tumekataa kuajiri, tumekataa matamko. Mtu aweza kuuliza: basi kijana aliyesimama pale kijiweni na pikipiki yake mnampa nini, maneno?

Hapa ndipo azimio la leo linapokuja, nalo lahitaji kura zenu. Twaomba tulieleze vizuri kwa sababu tumesikia manung'uniko ya wazee tangu wiki iliyopita.

Mtakumbuka kwamba mwanachama wa chama cha msingi ni mwenye kahawa. Na mwenye kahawa ni nani? Ni baba. Kijana wa miaka ishirini na mitano, aliyechuma, aliyebeba, aliyeanika, hana jina katika daftari, maana kibanja ni cha baba na kitakuwa cha baba mpaka siku ya tanga. Mpaka hapo atakuwa na miaka hamsini. Kwa hiyo huyu kijana hana stakabadhi, hana malipo ya pili, hana cha kumwonyesha mkopeshaji. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo nne ni za vijana, ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kijana asiye na shughuli inayoonekana ataiombea nini? Naye akitaka fedha ya haraka, njia iliyo wazi ni moja. Hujiunga na wenye butura.

Twajua neno butura lachoma masikio. Kununua kahawa ya mwenzako ikingali maua, kwa bei ya mtu mwenye mgonjwa au mwenye ada ya kulipa, ni kumnyonya jirani, na Umoja umeupinga mchezo huo tangu siku ya kwanza. Lakini chunguzeni ni nani wanaotembea na daftari za butura vijijini. Zamani walikuwa matajiri wa mjini. Sasa ni watoto wetu, wametumwa na matajiri wale wale kwa ujira mdogo. Na wanaovusha magunia usiku kuelekea Murongo, kwa njia zisizo na kizuizi, ni watoto wetu pia. Tumewaacha nje ya daftari la ushirika, nao wakapata kazi ya kuuhujumu ushirika. Polisi na mgambo hawawezi kuyamaliza mambo hayo maadamu kijana hana mbuni ulio wake wa kuulinda.

Azimio ni hili. Kila mwanachama anayekubali, kwa hiari yake, atenge mibuni 100 kwa jina la mtoto wake mmoja aliyetimiza miaka 18 na anayekaa hapa. Mibuni hiyo ikiwa ni mipya, Umoja utatoa miche ya vikonyo ya robusta inayovumilia mnyauko, ile iliyofanyiwa utafiti na TaCRI katika kituo cha Maruku baada ya mnyauko wa mibuni kuthibitika Kagera mwaka 1997, na gharama yake italipwa kwa makato madogo kuanzia mavuno ya kwanza. Kijana ataandikwa kuwa mwanachama kamili wa chama cha msingi, mwenye hisa, stakabadhi na kura yake. Ardhi itabaki ya baba. Kinachotolewa ni mibuni na mavuno yake.

Wazee wanasema: mwataka kutukatia vibanja. Twasema kinyume chake ndicho kitakachotokea. Pimeni wenyewe: kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, mibuni 100 hushika eneo pungufu ya robo ekari. Hilo halikati kibanja. Kinachokata kibanja ni baba kufa bila kupanga, watoto sita wakagombana, na mmoja akauza sehemu yake kwa mgeni ili alipe mkataba wa pikipiki. Vibanja vilivyogawanyika hivyo twaviona kila kijiji. Mtoto aliyefundishwa mapema kula jasho la mibuni yake ndiye atakayewazuia ndugu zake wasiuze. Sisi wahafidhina ndio tunaopaswa kuliunga mkono azimio hili kabla ya watu wengine wote.

Wengine wameuliza kama mtoto huyo aweza kuwa binti. Aweza. Tunajua mila inasema nini juu ya ardhi ya ukoo, na hatupendi kuichezea mila. Lakini Mahakama Kuu ilikwisha amua mwaka 1990, katika kesi iliyotoka mkoa huu huu, ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, kwamba mwanamke ana haki juu ya ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikakazia. Na hata tusiende mahakamani: katika nyumba nyingi hapa ni nani anayechambua kahawa? Tena azimio halihusu ardhi, lahusu mibuni. Tusijifiche nyuma ya mila pale ambapo mila haikuulizwa.

Vijana nao tumewasikia. Wanasema mbuni huanza kuzaa mwaka wa tatu, nao wana njaa leo. Ni kweli. Kwa sababu hiyo azimio lasema kwamba mzee mwenye mibuni inayozaa aweza kutoa hiyo hiyo, asingoje miche. Na kwamba atakayepanda mipya apande maharage kati ya mistari mpaka mibuni ifunike. Pikipiki asiiuze. Aendeshe asubuhi, apalilie jioni. Hatumwahidi utajiri. Serikali ilizindua mwaka 2023 mpango wake wa vijana katika kilimo, uitwao BBT, na mashamba makubwa yakaandaliwa huko Dodoma. Twautakia heri, ingawa twaona ajabu kidogo kijana wa Karagwe, penye mvua mara mbili kwa mwaka, asafirishwe kwenda Dodoma kujifunza kungojea maji.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Azimio likipita, fomu zitapatikana kwa makatibu wa vyama vya msingi, na zitiwe sahihi na baba, mama na mtoto, wote watatu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Tunazitaka zirudi kabla ya mvua za vuli, maana miche iliyoko kitaluni haitangoja mwaka mwingine. Mwanachama ambaye watoto wake wote wako mbali aweza kumwandika mtoto wa ndugu yake. Asiyetaka hatalazimishwa, wala hatasemwa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba azimio lisomwe kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, kisha wanachama wapige kura kwa kunyoosha mikono. Wageni na vijana wasio wanachama watuwie radhi. Kwa leo hawana kura.